Wageni wa Januari, magoti ya Machi: madarasa ya mbio kwa watu wazima yalikotoka

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni katibu wa klabu ya jogingi hapa Tanga. Tunakimbia kila Jumapili alfajiri, wanachama kama 60. Kila Januari tunapata wageni wengi wa miaka 35 hadi 60, baadhi wameambiwa na daktari wapunguze uzito au presha. Ikifika Machi wamebaki wawili watatu, na wengi walioondoka walikuwa wanalalamikia magoti. Kuna mama mmoja wa miaka 58, ana presha, kila Jumapili anakuja kutuangalia na kuuliza kama amechelewa. Nimesikia klabu za nje zina madarasa ya watu wazima wanaoanza. Yalianzaje, yamebadilikaje, na sisi tuchukue nini humo?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu.

Kabla ya historia, tuhesabu kidogo. Januari hadi Machi ni wiki nane hadi kumi. Wageni wako hawaondoki kwa uvivu. Moyo na mapafu ya mtu mzima huitikia mazoezi upesi. Ndani ya wiki tatu nne pumzi imetulia, anapanda ngazi bila kuhema, anajiona kijana. Mifupa, kano na gegedu havina haraka hiyo. Vyenyewe hujijenga kwa miezi. Kwa hiyo wiki ya tano mgeni wako ni sawa na injini ya pikipiki iliyofungwa kwenye baiskeli. Anaongeza kasi kwa sababu pumzi inamruhusu, na wiki ya saba ugoko unauma, goti limevimba. Anakaa nyumbani wiki mbili, anaona haya kurudi, mmeshampoteza.

Madarasa unayoyaulizia yamekua hivyo hivyo tangu 1962: kocha mmoja baada ya mwingine analigundua jambo hili, mara nyingi baada ya kuogopa kwamba mtu angemfia uwanjani.

Watanzania wengi wakitajiwa New Zealand kwenye riadha hukumbuka Christchurch, Februari 1974, Filbert Bayi akiongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16, huku John Walker, mwenyeji, akimfukuza bila kumpata. Mimi New Zealand hunikumbusha mtu mwingine, Arthur Lydiard, fundi wa kiwanda cha viatu mjini Auckland. Katikati ya miaka ya 1940, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu na akijiona mzima kwa kuwa alikuwa akicheza raga, alialikwa na rafiki yake mkubwa kwa umri wakimbie maili 5, yaani kama kilomita 8. Alimaliza akiwa hoi, kifua kinawaka moto. Akajiuliza: kama niko hivi sasa, nikifika miaka 47 nitakuwaje? Akaanza kujifanyia majaribio mwenyewe, wiki nyingine akikimbia kidogo, nyingine akikimbia mno, hadi akaona kinachomjenga mtu ni kukimbia sana kwa mwendo anaoumudu, muda mrefu, kabla ya kugusa kasi.

Dunia ilimsikia Septemba 1960 huko Roma. Vijana wawili aliokuwa akiwafundisha mbio, Peter Snell wa mita 800 na Murray Halberg wa mita 5,000, walichukua dhahabu za Olimpiki siku moja, takriban ndani ya saa moja. Siku chache baadaye wa tatu, Barry Magee, alipata shaba ya marathoni, ile ambayo Abebe Bikila aliishinda pekupeku. Aliporudi nyumbani Lydiard alialikwa kuzungumza kila mahali, na miongoni mwa waliomsikiliza walikuwa wafanyabiashara wa makamo wenye vitambi, wengine wakiwa wameshaugua moyo. Siku zile mgonjwa wa moyo aliambiwa akae kitini. Lydiard aliwaambia mbio zilezile za pole alizowapa mabingwa zingewafaa na wao, mradi wapunguze urefu na wasijikamue. Mwaka 1962 ikaanzishwa Auckland Joggers Club, na Colin Kay, mwanariadha wa zamani ambaye baadaye alikuwa meya wa jiji hilo, akiwa kati ya walioisimamisha. Ni miongoni mwa klabu za kwanza kabisa kuundwa kwa ajili ya watu wazima wasio na shida na medali.

Mwishoni mwa mwaka huohuo akaja mgeni kutoka Marekani, Bill Bowerman, kocha wa chuo kikuu cha Oregon. (Ndiye baadaye aliyeshirikiana na mwanafunzi wake Phil Knight kuanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Nike.) Alikuwa na miaka 51 na akijihesabu mtu wa mazoezi. Lydiard alimchukua Jumapili moja akakimbie na wale joga wa Auckland. Walipofika kwenye kilima Bowerman akakatika pumzi. Aliyerudi nyuma kumsindikiza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyewahi kupata mishtuko ya moyo, na mzee huyo alikuwa akipiga soga njia nzima, maana yeye pumzi ya kuongelea alikuwa nayo. Bowerman alikaa New Zealand wiki kadhaa, akakimbia nao kila alipoweza, akarudi kwao na tumbo limepungua.

Ndugu katibu, sehemu inayofuata ndiyo ningependa uwasomee wanachama wako.

Mapema 1963 Bowerman aliwaalika wakazi wa mji wa Eugene waje kukimbia pole pole kwenye uwanja wa chuo. Wa kwanza walikuwa wachache. Habari ikaenea, na baada ya muda mfupi uwanja ukajaa mamia ya watu: wanene, wazee, kina mama wenye viatu vya kwendea dukani, wote pamoja, wote mwendo mmoja. Kocha aliyezoea kuwatazama vijana wa miaka 20 akaangalia umati ule akaingiwa na hofu. Akawatawanya, akawaambia warudi majumbani kwao mpaka awe ameelewa anachofanya. Akamtafuta Waldo Harris, daktari wa moyo wa hapohapo mjini. Wakaanza upya na kikundi kidogo cha watu wa makamo, wakiwapima na kuandika nani anaongezewa nini, lini. Baadaye wakapanua idadi.

Kilichotoka humo ni mpango wa wiki 12 wenye ngazi tatu. Mtu hakupangwa kwa umri wala kwa ari. Alipangwa kwa hali ya mwili aliyokuja nayo. Siku ya kazi ilifuatwa na siku nyepesi, na kutembea kulihesabiwa kuwa sehemu ya zoezi. Kipimo cha kasi kilikuwa kimoja: kama huwezi kuzungumza na mwenzako huku unakimbia, unakwenda mbio mno. Waliuchapa kama kijitabu, kisha kikawa kitabu kilichouza zaidi ya nakala milioni moja, na neno jogingi likasambaa duniani hadi likafika Tanga kwako.

Mimi naona darasa la watu wazima lilizaliwa pale kocha alipowarudisha watu nyumbani. Kabla ya hapo ulikuwa umati unaokimbia.

Miaka ya 1970 wazo hilo lilikwenda njia mbili. Ya kwanza ilipita kwa madaktari. Mwaka 1973 kundi la wagonjwa wa moyo kutoka Toronto, wakiongozwa na daktari wao Terence Kavanagh, walikimbia marathoni ya Boston. Mwaka uliofuata, mjini Honolulu, daktari wa moyo Jack Scaff alianza darasa la bure la Jumapili asubuhi bustanini kwa yeyote aliyetaka kumaliza marathoni ya mji huo ifikapo Desemba. Darasa lilichukua miezi, na polepole yake iliwaudhi waliozoea riadha ya ushindani. Lakini watu ambao hawajawahi kukimbia maishani walikuwa wakifika mwisho.

Njia ya pili ilipita kwa Jeff Galloway, aliyeikimbilia Marekani mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich 1972. Mwaka 1974 aliombwa kufundisha darasa la wanaoanza huko Florida. Aliwagawa kwa uwezo, na kwa kuwa walikuwa wakikatika pumzi, akawa anawatembeza kabla hawajachoka, wanakimbia tena, wanatembea tena. Kwa maelezo yake mwenyewe, baada ya wiki 10 wote walimaliza mbio za kilomita 5 au 10. Angalia maneno hayo, kabla hawajachoka. Kwetu mtu hutembea akishashindwa, na wenzake humcheka. Galloway aliweka kutembea ndani ya ratiba, na aibu ikakosa pa kushika.

Wakati huohuo milango ilikuwa ikifunguliwa kwa wanawake. Boston iliwapokea rasmi mwaka 1972. Juni mwaka huo klabu ya New York Road Runners, iliyoanzishwa 1958, iliandaa mbio za wanawake watupu katika bustani ya Central Park, wakajitokeza 78. Marathoni ya klabu hiyo ilikuwa imeanza 1970 humohumo bustanini, watu 127 wakaanza na 55 tu wakamaliza. Mwaka 1976 ikapita mitaa ya wilaya zote tano za jiji, na maelfu ya watu wa kawaida wakataka kufundishwa. Ndipo madarasa ya klabu yakachukua sura unayoisikia leo: unajiandikisha, unalipa, unapangwa kwenye kundi la kasi yako, unafundishwa kwa wiki kadhaa na kocha anayelijua jina lako. Bob Glover aliyaongoza kwa miaka mingi.

Baada ya hapo mabadiliko makubwa yaliletwa na watu wasio makocha. Mwaka 1996 kijana Mmarekani aitwaye Josh Clark aliandika mpango wa wiki 9 akimfikiria mama yake aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Mara tatu kwa wiki: dakika 5 za kutembea kwa haraka, kisha sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea, ukirudiarudia hadi dakika 20 zitimie. Kila wiki vipande vya kukimbia vinarefuka, hadi unakimbia nusu saa bila kusimama. Uingereza, huduma ya afya ya taifa iliuchukua, ukaingia kwenye simu za watu, na klabu nyingi za huko hujenga darasa lao la wanaoanza juu yake. Na tarehe 2 Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy Park, London, watu 13 walikimbia kilomita 5 za bure Jumamosi asubuhi. Hiyo ndiyo mbegu ya parkrun, ambayo leo iko nchi nyingi. Kati ya mambo yake yote mimi nimeiba moja. Huweka mtu wa kujitolea atembee nyuma kabisa, kazi yake ni kuwa wa mwisho. Akiwepo yeye, hakuna mwanachama anayeweza kushika mkia.

Sasa kwenu.

Usidhani unaanzia sifuri. Mtanzania aliyepita shule au JKT amekimbia mchakamchaka, na klabu za jogingi ni mtoto wa mchakamchaka: fulana za rangi moja, kiongozi pembeni, nyimbo. Nimewahi kuwasikia makocha wasomi wakizibeza nyimbo hizo kuwa ni kelele tu. Wanakosea. Kile kipimo cha Bowerman cha kuongea huku unakimbia mnacho tayari, tena chenu ni kizuri zaidi, kwa sababu kinapima watu 60 kwa mpigo. Kiongozi akiimba, sikiliza safu za nyuma zinaitikiaje. Zikiitikia kwa sauti kamili, mwendo ni sawa. Zikianza kula maneno, punguza. Zikinyamaza kabisa huku mbele wanaendelea kunguruma, basi hapo nyuma kuna magoti ya Machi yanatengenezwa.

Udhaifu wa mchakamchaka ni mwendo mmoja kwa wote, jambo linalowafaa vijana wa umri mmoja waliolala bweni moja. Anayeanza akiwa na miaka 45, kitambi na kazi ya kukaa, huwezi kumweka safu moja na dereva wa bodaboda wa miaka 24. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa ukocha, niliwaweka pamoja kwa jina la umoja. Nilimpoteza mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akija kwa moyo wote. Alikimbia wiki sita akijikokota, siku moja akaniambia anakwenda msibani, na hakurudi tena.

Kwa hiyo tengeni siku mbili za katikati ya wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, kwa wageni peke yao. Siku ya tatu iwe Jumapili, lakini waanze dakika 15 kabla ya wengine, wapite njia fupi, na wote mkutane mwisho kwa kunyoosha viungo na chai. Chai ni muhimu kuliko unavyodhani; wageni wengi hubaki kwa ajili ya watu waliokutana nao pale, mbio zinafuata baadaye.

Wiki ya kwanza ianze na zile sekunde 60 kwa 90. Mpango wa wiki 9 mimi huunyoosha uwe wa 12 kwa watu wa pwani. Joto na unyevu wa Tanga mwezi Januari na Februari hupandisha mapigo ya moyo hata kwa mwendo wa konokono, na anayetoka Lushoto likizo atakuambia hivyohivyo. Anzeni saa 11:30 alfajiri, jua lisiwakute barabarani. Mtu akishindwa kumaliza wiki fulani, anairudia, haruki. Na wiki ya tano hadi ya nane, wakati pumzi imeshawatia kiburi, ndipo kiongozi awe mkali: hakuna kuongeza kasi, hakuna kuongeza siku, hakuna kukimbia kwa siri jioni.

Mtego mwingine ni kalenda. Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo ipo tangu 2003, huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mgeni anayeanza Januari akaandikishwa na rafiki yake nusu marathoni ana wiki nane hivi kujiandaa kwa kilomita 21. Nahisi baadhi ya watu wako wanavunjikia hapo. Mwaka wa kwanza akakimbie zile kilomita 5 za kujifurahisha, apige picha na mlima, arudi mzima.

Kuhusu kiongozi wa kundi hili, msimpe mkimbiaji wenu bora. Mwenye kasi hajui uchovu wa anayeanza, na miguu yake humsaliti. Baada ya dakika 10 kundi zima liko kwenye mwendo wake. Mpeni mtu aliyeanza mwaka juzi, aliyewahi kuumia akapona, anayependa kuongea. Uingereza chama cha riadha hutoa kozi ya siku moja kwa viongozi wa aina hiyo, na sehemu kubwa yake ni usalama na namna ya kuliangalia kundi. Kwenu inatosha ajue mambo machache: dalili za hatari kama maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi mtu akisimama, namba ya simu ya ndugu wa kila mwanachama, na nani ana kisukari, nani anameza dawa za presha.

Wanaodhani kukimbia pole ni mambo ya wazee, wapelekeni Iten au Kaptagat, kambi za wakimbiaji huko Kenya, asubuhi ya siku nyepesi. Watu wanaomaliza marathoni kwa saa 2 na dakika chache huanza wakiburuta miguu, wakipiga porojo, kwa mwendo ambao wewe na mimi tungeufuata kwa muda kabla hawajatuacha. Hawaoni haya, maana wanajua siku ngumu inakuja.

Neno moja kuhusu kina mama. Giza la alfajiri si salama sawa kwa kila mtu, na wengine huja kwa sharti la kurudi kabla watoto hawajaamka. Waulizeni wao saa na njia, msiwapangie. Anayekimbia na suruali pana na mtandio akimbie hivyo, alimradi kitambaa ni chepesi na mtandio haumzongi miguuni.

Nimerudi kwa yule mama wa miaka 58. Aende kwanza kituo cha afya, apimwe presha, amwambie daktari wazi kwamba anataka kuanza kutembea na kukimbia kidogo kidogo, na aulize kama dawa anazotumia zinaathiri mapigo ya moyo, maana baadhi huyashusha na kipimo cha mapigo kinakuwa hakina maana kwake. Yeye atumie kile cha kuongea. Akiruhusiwa, wiki nne za mwanzo atembee tu, dakika 20 hadi 30. Wiki ya tano aingize sekunde 30 za kukimbia kila baada ya dakika 2 za kutembea. Kama amechelewa? Mwambie Jumapili hii habari ya yule mzee wa Auckland na kocha wa miaka 51 aliyeishiwa pumzi kilimani. Kisha mpe fulana ya klabu, na umpange atembee pembeni ya mtu wenu wa nyuma.